Red Auerbach: Alimkataa Cousy, akaipa Boston mataji 16

APRILI 1950 mashabiki wa kikapu wa Boston walikuwa na jina moja tu mdomoni: Bob Cousy. Kijana wa chuo cha Holy Cross, pale mji jirani wa Worcester, anapiga pasi huku anatazama kwingine, anazungusha mpira nyuma ya mgongo, watu wanajaa ukumbini kumwona yeye tu. Celtics, timu ya Boston, ilikuwa imetoka kumaliza msimu ikiwa hoi, imeshinda mechi 22 na kufungwa 46. Kwa kuwa ilikuwa hoi, ikapewa nafasi ya kwanza kuchagua mchezaji kutoka vyuoni. Hapo hata mtoto wa shule alijua nani anakuja.

Kocha mpya akamchagua Charlie Share.

Share alikuwa senta mwenye urefu wa futi 6 na inchi 11 kutoka chuo cha Bowling Green, na Boston hawakuwa na habari naye. Waandishi wakamvaa kocha. Yeye akawajibu kwamba ameajiriwa kushinda mechi, hakuajiriwa kufurahisha washamba wa mjini. Ndiyo kwanza alikuwa amefika kazini, na tayari nusu ya mji haikutaka kumwona.

Huyo ndiye Arnold Auerbach, ambaye dunia ilimfahamu kwa jina la Red kutokana na nywele zake nyekundu. Alifariki Oktoba 28, 2006 akiwa na miaka 89, na hadi leo mashabiki wa NBA wanapogombana kila Juni kuhusu nani achaguliwe na timu ipi, jina lake halikosi kutajwa.

Kwa shabiki wa soka hapa kuna jambo la kuweka sawa kwanza. Marekani hakuna kijana wa chuo anayekaa mezani na klabu tatu akasaini kwa yenye mkwanja mnene. Wana kitu kinaitwa drafti, na si ile drafti ya kijiweni ya vizibo vya soda. Timu zinapanga foleni, zilizofanya vibaya zinakaa mbele, kila moja inataja jina la kijana inayemtaka, na ikishamtaja haki ya kumsajili ni yake. Mchezaji hachagui. Timu nayo ikikosea, hakuna dirisha dogo la kujitetea, inakaa na kosa lake huku wapinzani wakivuna. Ndiyo maana mashabiki wanatoana macho kwa ajili ya vijana ambao hawajacheza hata dakika moja ya kulipwa.

Auerbach alizaliwa Brooklyn, New York, Septemba 20, 1917. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Minsk, akifanya biashara ya kufua nguo, na kijana alikua akipiga pasi nguo za wateja. Mpira aliujua kiasi, akasoma chuo cha George Washington kwa sababu ya kikapu. Pale alikutana na kocha Bill Reinhart, aliyependa timu ikimbie: ukidaka mpira chini ya goli lako, usijenge taratibu, peleka mbele kabla adui hajajipanga. Mashambulizi ya kushtukiza, kwa lugha ya soka. Auerbach aliibeba ile elimu hadi kaburini.

Baada ya kufundisha shule za sekondari na kutumikia jeshi la wanamaji, mwaka 1946 alipewa timu ya Washington Capitols akiwa bado hajafikisha miaka 30. Msimu wa kwanza tu alishinda mechi 49 na kupoteza 11. Baadaye akatua Tri-Cities Blackhawks, timu ya tajiri mmoja aitwaye Ben Kerner. Hapo alikaa msimu mmoja tu. Kerner alimuuza mchezaji bila kumuuliza kocha, Auerbach akafungasha. Jina la Kerner liwekwe akilini, litarudi.

Turudi kwa Cousy. Unajua nani alimchagua baada ya Boston kumpiga chini? Tri-Cities, klabu ile ile aliyoikimbia Auerbach. Cousy na Kerner wakashindwana bei, haki yake ikahamishiwa Chicago Stags, na Chicago nayo ikafilisika kabla msimu haujaanza. Wachezaji wake wakagawiwa kwa timu nyingine, wakabaki watatu wanaogombewa na New York, Philadelphia na Boston. Wote walimtaka Max Zaslofsky, mfungaji hatari. Majina matatu yakaandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia. New York wakamvuta Zaslofsky, Philadelphia wakamvuta Andy Phillip, na mmiliki wa Celtics, Walter Brown, akabaki na Cousy. Hakufurahi hata kidogo.

Huyo waliyemkataa ndiye aliyeichezesha Boston miaka 13, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 1957 na akabeba mataji sita. Share hakuwahi kuvaa jezi ya Celtics. Auerbach alimpeleka Fort Wayne katika dili lililomleta Bill Sharman, mmoja wa wadunguaji wakubwa wa zama zile, aliyekaa pembeni ya Cousy kwa muongo mzima. Kwa hiyo katika ile kesi ya 1950 mashabiki walishinda. Tena walishinda wazi.

Lakini drafti hiyo hiyo ilikuwa na jina jingine ambalo vijiweni halikusumbua watu, na ndilo lililobadili mchezo. Raundi ya pili Celtics walimtaja Chuck Cooper wa chuo cha Duquesne. Alikuwa mweusi, wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA. Brown na Auerbach walijua wenye timu wengine watanuna, na walinuna. Wakamchukua.

Miaka sita ya kwanza ya Auerbach pale Boston inafanana na timu nyingi ambazo shabiki wa soka anazijua. Mbele moto, nyuma shimo. Cousy anapika, Sharman anatupia, Ed Macauley anamalizia, mashabiki wanaenda nyumbani wakiwa wameburudika, halafu ikifika Machi wanatolewa kwenye mtoano. Fainali hata moja hawakuigusa. Tatizo lilikuwa ribaundi, ile mipira inayogonga ringi na kurudi. Wapinzani walikuwa wanaidaka yote. Unakimbiaje mbele kama mpira huna?

Ndipo Reinhart, yule kocha wake wa zamani, akamwambia kuhusu kijana mmoja wa chuo cha San Francisco. Bill Russell, mrefu, mwembamba, anayeruka kama ana springi miguuni. Chuo chake kilikuwa kimebeba ubingwa wa vyuo 1955 na kingebeba tena 1956. Ila wajuzi wengi waliguna. Hajui kufunga, walisema. Mpe mpira mbali kidogo na goli, hana jipya. Kwa timu ambayo ingemtaka awe straika, hoja yao ilikuwa sahihi kabisa.

Auerbach wafungaji alikuwa nao wa kutosha. Alichokosa ni mtu wa kuzima shuti la mpinzani, kudaka mpira na kumpa Cousy akiwa tayari anakimbia. Ni kama timu yenye mawinga wenye spidi ambayo haina beki wa kati wa kukata mpira na kuuachia palepale. Cousy alimhitaji Russell, na Russell alimhitaji Cousy. Ukimweka yeyote kati yao kwenye timu isiyo na mwenzake, unapata mchezaji mzuri na hadithi inaishia hapo.

Shida ilikuwa foleni. Nafasi ya kwanza mwaka 1956 walikuwa nayo Rochester Royals, ya pili St. Louis Hawks. Boston walikuwa mkiani, tena nafasi yao ya raundi ya kwanza waliitoa ili kumchukua Tom Heinsohn wa Holy Cross kwa kanuni ya zamani iliyoruhusu timu kujitwalia mchezaji wa jirani.

Rochester tayari walikuwa na Maurice Stokes, kijana aliyekuwa akidaka ribaundi kwa fujo, na hawakuona sababu ya kumlipa Russell fedha alizotaka. Inasimuliwa pia kwamba Walter Brown, aliyekuwa na hisa kwenye maonyesho ya kuteleza juu ya barafu, aliwaahidi kuwapelekea maonyesho hayo ukumbini kwao ili wampite Russell. Wengine wanaipinga simulizi hiyo hadi leo. Vyovyote ilivyokuwa, Rochester walimchukua Sihugo Green.

Walibaki Hawks. Na mwenye Hawks alikuwa nani? Ben Kerner, yule yule wa Tri-Cities, aliyeihamisha timu hadi St. Louis. Auerbach akaenda kuzungumza na mtu aliyemkimbia. Kerner akamtaka Macauley, mtoto wa St. Louis, ambaye naye alitaka kurudi nyumbani kwa sababu mwanawe alikuwa mgonjwa. Halafu akaongeza dau: na Cliff Hagan pia, kijana mwenye kipaji aliyekuwa anatoka jeshini. Fikiria presha yake. Unatoa mfungaji wako kipenzi cha mashabiki na kinda la kesho, unachukua mtu ambaye wajuzi wanasema hajui kufunga, na ambaye hatakuja hadi Desemba kwa sababu anakwenda Olimpiki ya Melbourne.

Auerbach alitoa. Raundi ya pili, bila kelele, akamchukua na K.C. Jones, mchezaji mwenzake Russell pale San Francisco. Siku moja, wachezaji watatu ambao wote wangekuja kuingizwa kwenye ukumbi wa magwiji.

Fainali ya 1957 ilikuwa Boston dhidi ya Hawks, kana kwamba kuna mtu aliandika mchezo wa kuigiza. Joto lilipanda hadi kabla ya mechi moja kule St. Louis Auerbach alilalamikia urefu wa ringi, Kerner akaja juu, na kocha akamchapa ngumi mwenye timu mbele za watu. Mechi ya saba ilimalizika baada ya nyongeza mbili, Boston 125, Hawks 123. Ubingwa wa kwanza. Mwaka uliofuata Hawks wakiwa na Macauley na Hagan wakawatwanga Celtics fainali, kwa hiyo hata Kerner hakuibiwa mchana kweupe. Alipata taji lake. Auerbach alipata ukoo mzima wa mataji, manane mfululizo kuanzia 1959 hadi 1966, jambo ambalo hakuna timu nyingine ya NBA imelikaribia.

Russell alicheza misimu 13 na kubeba ubingwa mara 11. Wastani wake wa pointi ulikuwa 15 tu kwa mechi, wa ribaundi 22. Auerbach alikuwa amemwahidi mapema kwamba wakikaa kuzungumza mshahara, pointi hazitatajwa. Ahadi hiyo inaonekana ndogo, ila jiulize ni viongozi wangapi wanamsajili mtu kwa kazi moja halafu wanamhukumu kwa kazi nyingine.

Baada ya hapo mtindo ukawa ule ule. Sam Jones aliyemchukua 1957 alitoka chuo kidogo cha weusi North Carolina, na Auerbach hakuwahi kumwona akicheza, aliamini neno la mtu aliyemwamini. John Havlicek alichukuliwa wa saba mwaka 1962, mwaka ambao timu ya mpira wa Kimarekani ya Cleveland nayo ilimtaka na kisha ikamwacha. Havlicek, kama Frank Ramsey kabla yake, alianzia benchi. Auerbach hakuona aibu kumweka nje mchezaji anayeweza kuanza, kwa sababu wapinzani wanapochoka ndipo yeye anaingia akiwa fiti. Leo kila timu ina sabu wa aina hiyo, na kuna tuzo yake kabisa.

Desemba 1964 aliwaanzisha wachezaji watano wote weusi, kitu ambacho NBA haikuwahi kukiona: Russell, Sam Jones, K.C. Jones, Tom Sanders na Willie Naulls. Mwaka 1966 akaachia benchi na kumkabidhi Russell timu akiwa bado anacheza, akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi kwenye ligi. Russell akabeba mengine mawili, 1968 na 1969.

Asionekane malaika. Auerbach alikuwa mkorofi. Aliwatukana waamuzi, alitolewa nje mara nyingi, na mechi ikishaonekana imeisha alikuwa anawasha sigara nene palepale kwenye benchi huku wapinzani bado wanahangaika uwanjani. Makocha wenzake walimchukia kwa hilo, na walikuwa na haki. Familia yake ilibaki Washington, yeye akiishi hotelini Boston msimu hadi msimu.

Akiwa bosi wa ofisini alileta mataji ya 1974 na 1976 kwa mgongo wa Dave Cowens, senta ambaye wengi walimwona mfupi. Kisha timu ikaporomoka, na ugonjwa wa zamani ukarudi: mwenye mali anayejifanya kocha. John Y. Brown, tajiri wa kuku wa Kentucky, aliinunua Celtics mwaka 1978. Mwaka huo Auerbach nusura ahamie New York, na inasimuliwa kwamba dereva teksi wa Boston ndiye aliyembembeleza abaki. Msimu haujaisha, Brown akatoa nafasi tatu za drafti kumleta nyota Bob McAdoo bila kumuuliza mzee. Auerbach alifura. Lakini safari hii hakufungasha, Brown ndiye aliyeondoka.

Mzee akaanza kufagia. McAdoo alimpeleka Detroit kama sehemu ya fidia ya M.L. Carr, akapata nafasi mbili za drafti ya 1980. Detroit wakashinda mechi 16 tu msimu mzima. Moja ya nafasi zile ikageuka kuwa ya kwanza kabisa.

Juni 1980 mabishano yakaanza upya. Mtu mrefu aliyekuwa sokoni ni Joe Barry Carroll wa Purdue, futi 7. Boston walikuwa na namba moja mkononi, basi wamchukue! Auerbach akaiuza. Aliwapa Golden State nafasi ya kwanza na ya 13, akachukua nafasi ya tatu pamoja na senta wao Robert Parish, ambaye wengi kule walikuwa wamemchoka. Golden State wakamchukua Carroll. Utah wakamchukua Darrell Griffith. Wa tatu akabaki Kevin McHale wa Minnesota, mwenye mikono mirefu kama ngazi.

Hao wawili waliungana na kijana aliyechaguliwa miaka miwili kabla. Mwaka 1978 kanuni iliruhusu kumchagua Larry Bird ingawa alikuwa na mwaka mmoja zaidi chuoni Indiana State. Timu tano zilimpita, Indiana ya kwao ikiwamo, kwa kuwa hazikuweza kusubiri. Ukiwa unazama unataka mtu wa kucheza kesho. Auerbach naye alikuwa anazama, na alisubiri. Bird alipotua 1979 timu ikatoka kushinda mechi 29 hadi 61. Akiwa na Parish na McHale wakabeba ubingwa 1981, 1984 na 1986. Jumla ya mataji ya mzee, benchi na ofisini, yakafika 16.

Juni 1986 ilipaswa kuwa karata yake tamu kuliko zote. Mabingwa wa NBA wakiwa na nafasi ya pili katika drafti, waliyoipata Seattle kwa dili la miaka miwili nyuma. Bird na wenzake walikuwa wanaelekea kuchoka, na Auerbach alitaka damu changa ya kupokea kijiti wakati wazee bado wapo. Juni 17 akamchagua Len Bias wa Maryland, kijana aliyekuwa amemfuatilia kwa muda mrefu. Safari hii hakuna aliyebisha, si mashabiki, si waandishi. Siku mbili baadaye Bias alikufa kwa kokeni, akiwa na miaka 22. Celtics hawakubeba tena taji mzee akiwa hai.

Alipokufa 2006, msimu ulikuwa unaanza. Timu ikaweka saini yake juu ya mbao za uwanja wake, kisha ikacheza ovyo, ushindi 24, vipigo 58. Mashabiki wa Boston wakajifariji kwa drafti. Mwaka mzima waligombana: Greg Oden au Kevin Durant? Bahati nasibu ya kupanga foleni ikawatupa nafasi ya tano, hawakumpata yeyote kati yao.

Aliyekuwa bosi wa Celtics wakati huo ni Danny Ainge, ambaye Auerbach alimtoa kwenye besiboli mwaka 1981. Ainge aliitoa ile nafasi ya tano katika dili la kumpata Ray Allen, mdunguaji wa mbali, akampanga na Paul Pierce aliyekuwapo, halafu akaenda kumchukua Kevin Garnett, mtu wa kukaba na kudaka ribaundi. Juni 2008 wakabeba taji la 17.